Kosa la Kistari ni la Nani?

Kila anayekwangua kadi ya Safaricom mtaani Kaptembwo au karibu na soko la Wakulima mjini Nakuru, akaandika *141*, akafuatisha tarakimu za siri na kufunga kwa alama ya #, ameandika amri kamili yenye sarufi yake. Tarakimu 141 zinataja kazi. Nyota ya pili inaitenga kazi na kitu kinachofanyiwa kazi. Alama ya mwisho inasema: nimemaliza, sasa tekeleza. Anayemsambazia ndugu yake wa Molo salio naye anaandika *140*, kiasi, nyota nyingine, namba ya ndugu, kisha #, na mpangilio huo hauwezi kupinduliwa, kwa sababu hakuna alama yoyote ndani yake inayosema hiki ni kiasi na hiki ni namba. Nafasi peke yake ndiyo inayobeba maana. Sarufi hii haikubuniwa Kenya. Misingi yake imo katika viwango vya GSM, ambavyo vimeamua kwamba **21* ikifuatwa na namba kisha # ihamishie simu zinazoingia kwenye namba hiyo, *#21# iulize kama uhamisho upo, na ##21# iufute. Wakazi wa Bonde la Ufa wanaoitumia kila siku hawajioni kama watu wanaoandika amri za kompyuta, lakini ndivyo walivyo.

Programu ya lugha ya C inayoendeshwa kwenye dirisha la amri hupokea kitu cha namna hiyo hiyo, ila mahali pa nyota kuna nafasi tupu na vistari. Tuseme programu inaitwa pima, na mtu ameandika: pima -k 50 -v mvua.txt. Sheli, yaani programu inayopokea amri kwa niaba ya mfumo, inalikata fungu hilo penye nafasi tupu na kuikabidhi pima vipande. Kazi ya kwanza ya pima, kabla haijapima chochote, ni kuamua kipi kati ya vipande hivyo ni chaguo, kipi ni thamani ya chaguo, na kipi ni jina la faili. Waandishi wengi wa programu huichukulia kazi hii kama kufagia ua kabla ya wageni kufika: lazima ifanywe, lakini si sherehe yenyewe. Nashikilia kinyume chake. Hapo ndipo programu inapoamua nani atabeba gharama ya kutoelewana, aliyeandika amri au aliyeandika programu. Jibu langu ni kwamba gharama hiyo ni ya mwandishi wa programu karibu wakati wote, na kwamba wajibu wake wa kwanza ni kukataa kwa sauti kile ambacho hakukielewa. C haimsaidii kufanya hivyo hata kidogo. Kwa hiyo namna ya kusoma machaguo yapasa kufundishwa mapema na kwa uzito, katika Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro, katika Chuo Kikuu cha Kabarak, na popote pengine ambapo kijana anaandika main kwa mara ya kwanza.

Tutazame kwanza kile ambacho lugha yenyewe inatoa. Dennis Ritchie alipoiunda C katika maabara za Bell mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliipa main vitu viwili tu: argc, ambayo ni idadi ya maneno, na argv, ambayo ni orodha ya vielekezi vinavyoonyesha maneno hayo yalipo kwenye kumbukumbu. Neno la kwanza, argv[0], kwa kawaida ni jina la programu. Baada ya neno la mwisho huja kielekezi kitupu. Basi. C haijui kistari ni nini. Kwake "-k" ni herufi mbili kama "ab". Anayeanza, akiisha kugundua hivyo, hujiandikia kitanzi: akikuta neno lililo sawa na "-k" anasonga hatua moja na kulichukua neno linalofuata kuwa thamani. Kitanzi hicho hufanya kazi siku ya kukionyesha kwa mwalimu. Lakini mtumiaji akiandika -k mwishoni bila thamani, programu inakifuata kielekezi kitupu na kuanguka. Akiandika -k50 bila nafasi, neno halitambuliki. Akiunganisha -vk 50, hali ni hiyo hiyo. Na akikosea akaandika -K, vitanzi vingi vya namna hii hulipita neno hilo kimya, au hulichukulia kuwa jina la faili, kisha programu huendelea na kazi kana kwamba imeelewa. Kuanguka ni aibu, lakini angalau kunaonekana. Kuendelea kimya ndiko kubaya zaidi, kwa maana matokeo yake yana sura ya matokeo halali.

Dawa ya kawaida ni getopt, kitendakazi ambacho AT&T ilikiachia umma mwaka 1985 ili kila mtu akitumie, na ambacho baadaye kiliingia katika kiwango cha POSIX. Mwandishi hukipa maelezo mafupi ya machaguo yake, kwa mfano "k:v", kisha hukiita tena na tena. Kila kikiitwa hurudisha herufi ya chaguo linalofuata, na thamani yake, kama ipo, huiweka katika optarg. Herufi isiyojulikana hurudisha alama ya kuuliza na kutoa ujumbe wa kosa. Machaguo yakiisha hurudisha -1, na optind hubaki ikionyesha neno la kwanza lisilo chaguo. Ile nukta pacha baada ya k inasema kwamba k haikamiliki peke yake, inadai thamani. Msemaji wa Kiswahili ana mfano wa jambo hili kinywani mwake. "Lipa" ina washiriki wake. Ukiiingizia i ya kauli ya kutendea ikawa "lipia", umefungua nafasi moja zaidi, na msikilizaji atangoja uijaze: ulipie nani, ulipie nini? Na ndani ya "nitakulipia" kila kiambishi kimekaa mahali pake bila nafasi katikati, kama machaguo yaliyounganishwa nyuma ya kistari kimoja, wala hakuna anayehitaji alama ya kuvitenganisha kwa sababu sarufi inajulikana na pande zote mbili. Mtu akisema "tanikulipia", mwenyeji wa lugha habahatishi maana, anauliza tena. Getopt inaipa programu adabu hiyo ya kuuliza tena, kwa mistari michache ya msimbo.

Swali gumu zaidi ni la nafasi na majina, na hapa mifano ya Kenya ina uzito. Kwa miaka kadhaa mzazi aliyetaka matokeo ya mtihani wa KCSE ya mwanawe alituma namba ya mtahiniwa ikifuatwa na herufi KCSE kwenda 20076. Mpiga kura aliyetaka kuhakiki usajili wake kabla ya uchaguzi wa 2022 aliituma namba ya kitambulisho, alama ya #, na mwaka wa kuzaliwa kwenda 70000. Sentensi hizi ni fupi, na kwa ufupi huo nafasi inatosha: vitu ni viwili tu na havifanani. Lakini mtu aliyezoea menyu ya huduma fulani ya simu hujifunza kuandika safari nzima kwa mkupuo: nyota, msimbo, nyota, 2, nyota, 1, #. Siku mwenye huduma akiipanga upya menyu, ile 2 inageuka kuwa kitu kingine, na mfuatano ule ule ambao kidole kimeukariri unakubaliwa bila swali na kufanya jambo tofauti. Kosa halikufanywa na mwenye kidole. Lilifanywa siku maana ilipofungwa kwenye nafasi na si kwenye jina. Ndiyo sababu chaguo lenye jina refu, lile linaloanza kwa vistari viwili na kusomwa na getopt_long ya mradi wa GNU, lina thamani kubwa kuliko uzuri wake: --kiasi 50 --namba fulani inaweza kupinduliwa ikawa --namba fulani --kiasi 50, nayo maana isibadilike.

Majina mafupi nayo yana hatari yake, na mfano mzuri uko karibu na Njoro kuliko mtu anavyodhani. Kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO huko Njoro kimekuwa tangu mwaka 2005 mahali ambapo ngano kutoka nchi nyingi hupandwa ili kupimwa dhidi ya Ug99, ile aina kali ya kutu ya shina iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998. Upande wa pili wa utafiti wa ugonjwa kama huu, duniani kote, ni kusoma vinasaba, na vipande vya vinasaba vilivyokwisha kulinganishwa na ramani hushughulikiwa sana kwa samtools, programu iliyoandikwa kwa C. Katika samtools, amri "view -c -F 4" huhesabu vipande vilivyopata mahali pake kwenye ramani. Amri "view -c -f 4" huhesabu vile vilivyokosa mahali. Tofauti ni herufi kubwa na herufi ndogo, na maana zake zimepingana kabisa. Getopt haiwezi kumwokoa mtu hapo, kwa sababu amri zote mbili ni halali na zimesomwa sawasawa. Kinachoweza kumwokoa ni jina refu: matoleo ya karibuni ya samtools yanakubali pia --exclude-flags na --require-flags, na anayeandika hati ya amri ya kurudiwa mara mia angefanya vyema kuyatumia. Mtafiti akikosea herufi moja, hakuna kitakachoanguka. Ataletewa namba, na namba hiyo itaingia katika jedwali. Hapa wajibu wa mwandishi wa programu unaanza mapema kuliko kusoma: unaanza anapochagua herufi. Machaguo mawili yenye maana zinazopingana hayapaswi kutenganishwa na kitufe cha herufi kubwa peke yake.

Baada ya kulijua chaguo, huja kuisoma thamani, na Wakenya wanabeba mfukoni mtihani mzuri wa jambo hili: namba ya simu. Vitabu vingi vya kuanzia hufundisha atoi ili kugeuza maneno kuwa namba. Atoi ikipewa "hamsini" hurudisha 0, na haina njia ya kueleza kama sifuri hiyo iliandikwa au imetokana na kutoelewa. Strtol ni bora, kwa maana huonyesha ilipokomea kusoma na hutangaza namba ikizidi uwezo wake, lakini nayo ina mtego wake: mwandishi akiiachia ijitafutie msingi wa hesabu, sifuri ya mwanzo itaifanya ihesabu kwa msingi wa 8, na "0722" itakuwa 466. Akitaja msingi wa 10, sifuri ya mwanzo inapotea, na namba ya simu haipigiki tena. Akiiandika kwa mfumo wa kimataifa, 254 na tarakimu 9 baada yake, anapata namba inayozidi bilioni 254, wakati int ya kawaida ya biti 32 inaishia 2,147,483,647. Namba ya simu, kama namba ya kitambulisho na namba ya mtahiniwa, si namba ya kuhesabia bali ni jina lililoandikwa kwa tarakimu, na programu inapaswa kuiacha ibaki herufi, ikikagua urefu wake na kwamba hakuna kingine ndani yake ila tarakimu. Kiasi cha pesa, kwa upande mwingine, ni namba kweli, na hapo lazima kuwe na kikomo cha chini na cha juu kilichoandikwa waziwazi.

Anayeona haya ni mambo ya darasani atazame yaliyozipata programu zinazotumiwa na ulimwengu mzima. Oktoba 2019 iligundulika kwamba sudo, programu ya C inayompa mtumiaji wa kawaida ruhusa ya kuendesha amri kwa niaba ya mtu mwingine, ilikubali -u#-1 kuwa namba ya mtumiaji. Hakuna mtumiaji wa namba -1. Lakini ndani ya mfumo thamani hiyo ina maana yake ya pekee, "usibadilishe", na kwa kuwa sudo yenyewe huendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi mkuu, kutobadilisha kulimaanisha kubaki msimamizi mkuu. Palipowekwa kanuni ya kuruhusu watu wote isipokuwa msimamizi, mlango ulikuwa wazi. Hiki ndicho kinachotokea thamani inaposomwa bila kuulizwa kama inaleta maana.

Januari 2021 sudo ilirudi tena kwenye habari, na mkasa huu una mafunzo zaidi. Kampuni ya usalama ya Qualys ilionyesha kwamba mtumiaji yeyote wa mashine, hata asiye na ruhusa yoyote ya sudo, angeweza kujipandisha kuwa msimamizi mkuu kwa kuandika sudoedit -s na neno linaloishia kwa mkwaju wa nyuma. Kosa lilikuwa limeingia Julai 2011. Chaguo la -s kwa kawaida huifanya sehemu moja ya programu iongeze mikwaju ya nyuma mbele ya herufi maalum, na sehemu nyingine baadaye huiondoa. Programu ilipoitwa kwa jina la sudoedit, sehemu ya kwanza haikuongeza kitu, lakini ya pili iliendelea kuondoa. Ilipokuta mkwaju mwishoni mwa neno iliuruka pamoja na alama ya kufungia neno, ikaendelea kunakili hadi nje ya eneo lake la kumbukumbu. Chanzo kilikuwa kidogo ajabu: orodha ya machaguo yanayoruhusiwa haikupunguzwa pale jina lilipokuwa sudoedit, kwa hiyo -s ikakubaliwa mahali ambapo haikuwa na maana. Na sudo hutumia getopt_long. Hapa lazima nikiri mpaka wa hoja yangu: getopt inazijua herufi, haijui zipi zinaweza kukaa pamoja. Kukataa mchanganyiko usio na maana ni kazi inayobaki mikononi mwa mwandishi hata baada ya kuchagua chombo sahihi.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 25 Januari 2022, Qualys hao hao walitangaza kasoro ya pkexec, programu nyingine ya kuendesha amri kwa niaba ya mtu mwingine, iliyokuwemo tangu toleo lake la kwanza la Mei 2009. Pkexec ilisoma machaguo kwa kitanzi cha mkono kilichoanza kuhesabu kutoka neno la 1, kwa imani kwamba jina la programu daima lipo katika nafasi ya 0. Lakini Linux iliruhusu programu kuanzishwa bila neno lolote, argc ikiwa 0. Kitanzi hakikuzunguka hata mara moja, kihesabio kikabaki 1, na programu ikaenda kusoma neno la 1 lisilokuwepo. Mahali hapo kwenye kumbukumbu palikuwa na mazingira ya programu, yanayodhibitiwa na mshambulizi, nayo pkexec ikayasoma na hatimaye kuandika juu yake. Zaidi ya miaka 12 ilipita. Tangu toleo la 5.18 kiini cha Linux hujaza neno tupu pale argc inapokuwa 0, lakini ukarabati huo ni wa mfumo kumfidia mwandishi ambaye hakuuliza swali moja: je, neno ninalotaka kulisoma lipo?

Kuna kundi jingine la makosa ambapo msomaji hana hatia hata kidogo. Februari 2007 ilibainika kwamba huduma ya telnet, ya kuingia katika mashine kwa mbali, kwenye mfumo wa Solaris 10 ilichukua jina la mtumiaji kutoka kwa mgeni na kulipitisha moja kwa moja kwa programu ya login. Mgeni akijitambulisha kwa jina "-froot", login haikuona jina. Iliona chaguo la -f, linalomaanisha mtu huyu ameshathibitishwa, likifuatwa na root. Mlango ukafunguka bila nywila. Kasoro ya namna hiyo hiyo ilikuwa imeonekana katika rlogin, huduma nyingine ya kuingia kwa mbali, mwaka 1994, miaka 13 kabla. Login ilisoma ilichopewa kwa usahihi. Mkosaji ni aliyeitungia amri bila kuweka alama ya mpaka. Alama hiyo ipo: vistari viwili peke yake, --, vinavyosema kwamba kila kinachofuata si chaguo hata kikianza kwa kistari. Kwa hiyo wajibu ninaoutetea una pande mbili, wa anayesoma na wa programu inayotunga amri kwa niaba ya mtu. Mtu mwenyewe, aliyekaa mbele ya kibodi, hayumo katika hesabu hiyo.

Pingamizi la kwanza, na lenye nguvu kuliko yote, linatoka kwa watu wema. Wanasema programu nzuri ni ile inayomsaidia mtumiaji, inayokisia alichokusudia na kuendelea, kama muuza duka anayejua mteja wake anataka nini kabla hajamaliza kusema. GNU yenyewe inakubali ufupisho wa majina marefu, ili --verb isomwe kama --verbose pale isipogongana na jingine. Naona mvuto wake, lakini ushahidi unaukataa. Ufupisho unaofanya kazi leo katika hati fulani utakoma siku toleo jipya litakapoongeza chaguo linaloanza kwa herufi hizo hizo. Muuza duka anayemjua mteja anaweza kumwona uso na kumuuliza. Programu haimwoni mtu, na mara nyingi aliyeandika amri ameshalala huku hati ikijiendesha usiku wa manane. Mfano bora wa msaada ni M-Pesa, iliyozinduliwa Machi 2007 na baadaye kupata hatua ya Hakikisha. Haikisii mtu alimaanisha namba ipi. Inaonyesha jina la mpokeaji kabla pesa hazijaondoka, na kumpa aliyetuma nafasi ya kusitisha. Programu ya C inaweza kufanya vivyo hivyo kwa chaguo linaloonyesha kitakachofanyika bila kukifanya, na kwa kila kazi ya kufuta au kuandika juu ya faili ningetaka chaguo hilo liwepo.

Wengine husema programu yao ni ndogo, ya matumizi yao wenyewe, na getopt ni mzigo. Mzigo huo ni mistari kama kumi. Programu ndogo ndizo zinazoishi muda mrefu: iliyoandikwa kwa zoezi la muhula hurithiwa na mwenzake, huingizwa katika hati, na baada ya miaka miwili hakuna anayejua kwa nini -K haifanyi kitu. Wapo pia wanaosema waachane na C kabisa, wachukue Python na argparse yake, inayotoa ujumbe wa msaada bila kuombwa. Kwa kazi nyingi wana haki, nami singemshauri mtu aandike kwa C kile kinachoweza kuandikwa salama kwa lugha nyepesi. Lakini sudo, samtools na kiini cha Linux ni C, na atakayekuja kuzitunza lazima ajue mahali zinapoumia. Kuhusu menyu, zile za kuchagua 1, 2, 3 ambazo masomo ya mwanzo ya C hupenda kuziandika kwa scanf, ni rahisi kwa anayeanza na zinamchosha anayerudia. Wala haziwezi kuwekwa ndani ya hati ya kuendeshwa kila usiku bila kurudisha tatizo lile la nafasi tulilolikuta kwenye misimbo ya simu.

Getopt yenyewe ina kasoro, na anayeitetea asizifiche. Hutumia vigeu vya pamoja vya programu nzima, kwa hiyo haifai kuitwa kutoka nyuzi mbili kwa wakati mmoja. Haimo katika maktaba ya C ya Microsoft, na anayeandika kwa Windows hulazimika kubeba nakala yake. Kwenye Linux hupanga upya maneno ili machaguo yaliyoandikwa baada ya majina ya faili nayo yasomwe, ilhali kwenye mifumo ya ukoo wa BSD husimama penye jina la kwanza la faili. Amri moja huweza kusomwa namna mbili kwenye mashine mbili. Hizi ni kasoro za kweli, lakini zinajulikana, zimeandikwa, na hazibadiliki kila mwandishi anapobadilika. Kasoro za kitanzi cha mkono ni mpya katika kila programu.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa walimu wa Njoro, Kabarak na vyuo vya ufundi vya Bonde la Ufa: zoezi la pili la C, baada ya lile la kusalimu dunia, liwe programu ya kusambaza salio inayopokea -k kwa kiasi na -n kwa namba, na alama nyingi zaidi zitolewe kwa amri inazozikataa kuliko zile inazozitekeleza. Ikatae kiasi kilichoandikwa kwa herufi, namba iliyopungua tarakimu, -k isiyo na thamani, chaguo lisilojulikana, na amri tupu. Mwanafunzi hahitaji bando la intaneti kulifanya. Katika mashine ya Linux iliyowekewa kurasa za mwongozo za waandishi wa programu, aandike man 3 getopt, ateremke hadi mfano ulio karibu na mwisho wa ukurasa, abadilishe atoi iliyomo kwa strtol, na alitazame vizuri sharti linaloanza kwa if (optind >= argc). Swali linaloulizwa hapo ndilo ambalo pkexec haikuliuliza kutoka Mei 2009 hadi Januari 2022.